Sura ya Tisa: Sufuria ya Jumapili Usiku

Asubuhi ndiyo saa maskini kuliko zote nyumbani. Mtoto mmoja anatafuta soksi, mwingine anagonga mlango wa bafu, gari la shule linapiga honi, na mtu mmoja, mara nyingi mama, anatakiwa awe ameshapika kitu kabla hao wote hawajaamka. Ndiyo maana watoto wetu wengi hutoka nyumbani na kikombe cha chai ya rangi na andazi moja. Ikifika saa nne darasani, macho yao yako kwa mwalimu lakini mawazo yao yako tumboni.

Usiku wa Jumapili, kwa upande wake, ni saa tajiri. Vyombo vimeoshwa, watu wamekaa, jiko liko huru. Sura hii inaeleza namna ya kuchota muda kwenye usiku huo tajiri na kuupeleka kwenye asubuhi maskini, kwa sufuria moja kubwa ya uji wa oti nzima.

Somo hili nililipata Edinburgh nilipokuwa mwanafunzi, usiku nikiosha vyombo katika jiko la nyumba ya kutunzia wazee. Saa tatu, kazi ya jioni ikiisha, mpishi alimimina punje za oti kwenye sufuria pana, akaziosha, akazifunika kwa maji, akaweka mfuniko, kisha akavaa koti lake na kwenda zake. Alfajiri mwenzake alizikuta zimefura na kulainika. Aliwasha moto mdogo, akatia chumvi, na kabla ya saa moja na nusu wazee walikuwa wanakula. Uji wenyewe haukunishangaza sana. Kilichonishangaza ni kwamba katika jiko lile, asubuhi ile, hakuna aliyekimbia.

Baadaye nikagundua kuwa jambo hili sikulijua ugenini. Nimekulia Tanga, na kila mtu wa Pwani anajua kwamba bokoboko halipikwi kwa pupa. Ngano hulowekwa tangu usiku, huwekwa motoni na nyama, ikaachwa itokote kwa saa nyingi mpaka punje na nyama vishikane. Sisi tunajua kuiachia nafaka muda wake. Kosa letu ni kwamba busara hiyo tumeiwekea Idi na harusi, tukainyima Jumatatu.

Jina na asili ya punje

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Vitabu vingi huiita nafaka hii shayiri, lakini shayiri ni nyingine, ile ya talbina. Madukani watu hutamka neno la Kiingereza kama lilivyo kwenye kopo. Humu nitaiita oti.

Oti haikuanza kama zao la heshima. Ilikuwa gugu. Wakulima wa kale walipobeba ngano na shayiri kutoka Mashariki ya Kati kuelekea Ulaya, mbegu za oti zilisafiri nao zikiwa zimechanganyika na zile walizozitaka. Kadiri walivyosogea kaskazini, kwenye baridi, mvua nyingi na udongo wenye asidi, ngano ilidhoofika na gugu likastawi. Mwishowe wakulima wakaacha kuling'oa, wakaanza kulipanda.

Uskoti ndiko lilikopata makao. Majira ya joto ya huko ni mafupi na yenye mawingu, na oti huyavumilia. Kwa karne nyingi unga wa oti ulikuwa kwa Waskoti kama ulivyo unga wa mahindi kwetu leo. Kamusi mashuhuri ya Mwingereza Samuel Johnson, iliyotoka 1755, iliwasimanga kwa kula nafaka ambayo kwao Uingereza ilikuwa chakula cha farasi. Waskoti hawakuiacha. Waliendelea kuikoroga kwa kijiti cha mviringo kisicho na bapa, kiitwacho spurtle, ambacho hupita katikati ya uji bila kuburuta mabonge. Mtu aliyewahi kutumia upekecho atakielewa kijiti hicho mara moja. Makapi ya oti nayo hawakuyatupa: waliyaloweka kwa siku kadhaa hadi maji yachachuke, wakapika kwa maji hayo uji mchachu uitwao sowans. Anayejua togwa au uji wa kuchachua hahitaji kuelezwa zaidi.

Husimuliwa pia kwamba katika nyumba za mashambani uji mzito ulimiminwa kwenye droo ya kabati, ukaachwa ugande, kisha ukakatwa vipande vya kubeba kwenda kazini siku zilizofuata. Hao walikuwa na sufuria ya Jumapili kabla yetu. Hadi leo, kijiji cha Carrbridge huandaa mashindano ya dunia ya kupika uji, yaliyoanza 1994, na katika kundi la jadi mshindani huruhusiwa vitu vitatu tu: oti, maji na chumvi. Ukitaka kujua kama mpishi anaiheshimu nafaka, mpe hivyo vitatu na umwangalie.

Muda ulivyouzwa kwenye kopo

Oti tunayoiona kwenye makopo ni bapa, nyembamba kama magamba ya samaki. Haikuzaliwa hivyo. Ikitoka shambani ina kapi gumu ambalo mtu hawezi kulila. Kapi likiondolewa hubaki punje ndefu ya rangi ya kahawia hafifu, yenye pumba yake, wanga wake na kiini chake. Hiyo ndiyo oti nzima.

Punje hii ina mafuta mengi kuliko ngano au mchele, karibu asilimia 7 ya uzito wake, na ina kimeng'enya kinachoyavunja mafuta hayo mara tu kapi linapotoka. Ikiachwa ilivyo huwa chungu haraka. Kwa sababu hiyo viwanda huipitisha kwenye mvuke na joto ili kukizima kimeng'enya. Hata ile inayouzwa ikiwa nzima kwa kawaida imeshapitia moto huo, na usistaajabu ukiipanda isiote.

Mabadiliko makubwa yalitokea Ohio, Marekani. Mhamiaji wa Kijerumani, Ferdinand Schumacher, alianza kusaga oti mjini Akron katika miaka ya 1850, wakati Wamarekani wengi bado waliiona kuwa chakula cha mifugo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, jeshi la Kaskazini likawa mteja wake. Baadaye zikaja mashine za kuikata punje kwa visu vya chuma, kisha magurudumu mazito ya kuibapa baada ya kuilainisha kwa mvuke. Mwaka 1877, katika mji wa Ravenna uliopo jimbo hilohilo, jina Quaker lilisajiliwa kuwa alama ya biashara. Katika miaka ya 1920 ikatoka oti iliyokatwa kwanza kisha ikabapwa nyembamba zaidi, ya kuiva kwa dakika chache. Mwaka 1966 ikaja ile ya papo hapo, iliyokwisha pikwa na kukaushwa kiwandani, ambayo humwagiwa tu maji ya moto.

Kila hatua ilimpunguzia mlaji dakika, na sitawabeza waliozihitaji dakika hizo. Lakini kila hatua pia ililifanyia tumbo kazi yake. Punje nzima hufunguka polepole ndani ya mwili. Ile ya papo hapo huwa wanga uliokwisha fumuliwa. Katika kipimo ambacho sukari ya glukosi hupewa 100, majedwali ya kimataifa yanaupa uji wa oti bapa za kawaida takriban 55, na wa papo hapo takriban 79. Ni nafaka ileile, ila sukari hupanda kwenye damu kwa mwendo tofauti. Kwa mtu mwenye kisukari, tofauti hiyo ni kubwa. Kwa mtoto anayetakiwa kukaa darasani hadi saa saba mchana, ni kubwa pia.

Hazina nyingine ya oti ni aina ya nyuzinyuzi iitwayo betaglukani, ile inayoufanya uji uvutike kama mlenda. Ndani ya utumbo huwa ute mzito unaonasa asidi za nyongo na kutoka nazo. Ini hulazimika kutengeneza nyingine, na malighafi yake ni lehemu iliyomo kwenye damu. Kwa msingi huo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu mwaka 1997 pakiti za oti ziandikwe kwamba gramu 3 za betaglukani kwa siku, pamoja na mlo usio na mafuta mengi mabaya, zaweza kupunguza hatari ya maradhi ya moyo. Gramu 60 za punje kavu, ambazo ni karibu bakuli moja katika sura hii, zina takriban gramu 2.4. Umeshafika mbali kabla jua halijachomoza vizuri.

Sufuria yenyewe

Kipimo changu ni cha watu wanne kwa asubuhi tatu, yaani mabakuli kumi na mawili: gramu 750 za oti nzima, lita 3 za maji, na kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi. Ukipenda kupima kwa kikombe, weka kikombe kimoja cha oti kwa vikombe vitatu vya maji. Sufuria iwe na kitako kizito na nafasi ya lita 7 au zaidi. Usiibane. Oti hutoa povu jingi, na sufuria iliyojaa hufurika mara tu unapoipa mgongo.

Zichague punje, zioshe kwa maji mawili au matatu, kisha ziloweke. Jumamosi usiku kwa mpishi wa Jumapili ni sawa, na Jumapili baada ya chakula cha mchana pia yatosha. Nyanda za juu, mfano Njombe au Limuru, sufuria inaweza kukaa mezani. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa iweke kwenye friji, maana joto la Pwani huanza kuichachusha kabla hujarudi jikoni. Wapo wanaoupenda uchachu huo. Basi uwe umeutaka, usiwe umekuvamia.

Ukiwa tayari, mwaga maji ya kulowekea, weka mapya, washa moto mkubwa hadi uchemke, kisha punguza hadi utokote taratibu, vijipovu vikipanda kimoja kimoja. Funika nusu. Punje zilizolowekwa huiva kwa dakika 30 hivi. Zisizolowekwa hutaka karibu saa nzima. Nairobi ongeza dakika kumi, kwa kuwa mjini pale, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 na si 100.

Dakika ishirini za mwanzo huna haja ya kusimama hapo. Piga pasi sare za shule, kagua madaftari. Dakika za mwisho ndizo zinazokutaka, kwa sababu uji ukianza kuwa mzito hushika chini. Koroga mwiko ukigusa kitako cha sufuria, si kuzungusha juu juu. Utajua umeiva ukitafuna punje: iwe laini hadi katikati, lakini bado iteleze na kukupa kitu cha kutafuna. Usiusubiri uwe mzito kama unavyoutaka mezani. Uzime ukiwa bado mwepesi, kwani ukipoa utanywa maji yote yaliyobaki.

Wenye gesi ya shida au makaa ya bei wana njia nyingine. Chemsha dakika kumi na tano kwa moto halisi, funika barabara, kisha tia sufuria kwenye kapu lililojazwa vitambaa na pamba au lililofungwa blanketi zito, bila kufungua, kwa saa tatu. Ni jiko lisilo na moto, ambalo vikundi vingi vya akina mama Kenya vinalijua. Ukifungua, uji uwe bado wa kuunguza. Uchemshe tena kidogo, kisha endelea na hatua inayofuata. Kwa sufuria ya presha, usijaze zaidi ya nusu, kwa kuwa povu likipanda huziba tundu la mvuke.

Kupoza ni sehemu ya kupika

Hapa ndipo wengi huharibu kazi nzuri. Nafaka huja na bakteria aitwaye *Bacillus cereus*, na mbegu zake ngumu hazifi kwa kuchemshwa. Uji wa moto mkali haziuwezi, uji wa baridi kali haziuwezi pia. Zinachopenda ni uvuguvugu wa sufuria kubwa iliyoachwa jikoni usiku kucha. Humo huamka, huzaana na kuacha sumu, na aina moja ya sumu hiyo haiondoki hata ukipasha mpaka uji uruke. Kutapika kwa Jumatatu asubuhi kumeshalaumiwa maziwa mara nyingi bila hatia.

Kwa hiyo usiuache uji kwenye sufuria yake. Ugawe ukiwa bado wa moto kwenye vyombo vitatu vya kina kifupi, kimoja kwa kila asubuhi, usizidi vidole vitatu kwenda juu. Viweke kwenye beseni la maji baridi, koroga mara mbili tatu, na moshi ukiisha tia kwenye friji. Tangu kuzima moto hadi kuingia friji zisipite saa mbili. Uji uliopoa hivyo hukaa siku tatu hadi nne. Jumapili usiku basi hulisha Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Sufuria ya Jumatano usiku hulisha Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Jumapili asubuhi ni ya mahamri na mbaazi, na hakuna uji unaopaswa kuichukulia nafasi hiyo.

Nyumba isiyo na friji isibebe akiba ya siku tatu. Ipike ya asubuhi moja, na faida iipate kwenye kuloweka tu: punje zilizolala majini hukata muda wa moto nusu.

Asubuhi

Uji utakuwa umeganda kama ugali uliolala. Usiogope. Chota unachohitaji, ongeza maji au maziwa, robo kikombe kwa kila bakuli, vunja mabonge kwa mwiko na upashe hadi utoe mvuke kila mahali. Kwa watu wanne ni kazi ya dakika nane au kumi.

Baada ya hapo kila mtu na ladha yake. Kwangu ni tui la nazi kidogo, iliki iliyopondwa na tende mbili zilizokatwakatwa, na sukari haihitajiki tena. Karanga za kukaanga humpa mtoto mafuta na protini za kumfikisha mchana. Ndizi mbivu iliyopondwa humdanganya hata mtoto mgumu. Asiyependa utamu aweke siagi na pilipili manga. Katika nchi za Ghuba oti hupikwa na nyama ikawa supu ya futari, kwa hiyo chumvi na oti ni marafiki wa zamani.

Jambo moja nalisisitiza. Oti ina madini ya chuma, lakini pia ina asidi ya fitiki inayoyashikilia. Kipande cha embe, papai au chungwa kando ya bakuli huusaidia mwili kuyanyakua. Chai hufanya kinyume: tanini zake huyafunga. Mpe mtoto na mama mjamzito tunda pamoja na uji, na chai isubiri saa moja baadaye.

Ukikosa oti

Oti nzima si rahisi kuipata kwetu. Maduka makubwa ya mijini huwa na ile iliyokatwa kwa chuma vipande viwili vitatu. Nayo ni nzima, kwa kuwa haikupoteza kitu ila umbo, na huiva kwa dakika 25 bila kulowekwa. Tumia maji mara nne ya ujazo wake. Ukikuta kopo la bapa tu, chukua zile nene.

Lakini usiache mpango huu kwa kukosa nafaka ya Waskoti. Mtama, uwele na ngano ya bokoboko hutii utaratibu uleule: loweka, tokotesha, gawa, poza, pasha. Mtama mwekundu hutaka maji na muda zaidi kidogo. Ulezi punje zake ni ndogo mno kwa kazi hii, lakini uji wa unga wake usiokobolewa huwekwa na kupashwa vilevile. Nafaka hizi hulimwa karibu nasi, na fedha yake hubaki kwa mkulima wa Singida au Kitui. Betaglukani zake si kama za oti, ila uzima wa punje ni uleule.

Tangu nirudi nyumbani nimewapikia wengi sufuria hii, na wote huniuliza kwanza kuhusu sukari ya damu au uzito wa mwili. Ni maswali mazuri, na nimeyajibu. Ila faida ninayoithamini kuliko zote haimo kwenye bakuli. Katika nyumba niliyokulia, mama aliamka saa kumi na moja kasoro kila siku ya shule ili sisi tule, na sikumbuki hata asubuhi moja aliyokaa kula nasi. Nyumbani kwangu, Jumatatu, jiko huwashwa saa kumi na mbili kasorobo. Ni karibu saa nzima ya usingizi aliyorudishiwa mtu. Na uji ukishapata moto, wote wanne tunakaa.